Kasoro ya Kioo na Kasoro ya Muuzaji

Yapo maneno matano ambayo kila aliyewahi kununua kitu cha bei nafuu amekwishaambiwa: "Ulitegemea nini kwa bei hiyo?" Muuzaji akishayatamka, basi, kesi imekwisha. Mnunuzi anafyata mkia, waliopo dukani wanacheka, na maisha yanaendelea. Mimi nataka, ndugu msomaji, tuifungue upya kesi hii, maana naona ndani ya maneno hayo kuna mambo mawili yamefungwa mzigo mmoja kama kuni. Moja ni la kweli. La pili ni uongo mtupu.

La kweli ni kwamba bei ndogo hununua ubora mdogo. Aliyetoa elfu sitini asidai kioo kama kile cha ofisini kwa meneja wa benki. Hapo sina ugomvi na mtu. La uongo ni kwamba bei ndogo inanunua pia ukimya wa muuzaji. Kwamba nikipunguziwa bei, basi na haki yangu ya kuambiwa kitu kilivyo nayo imepunguzwa.

Naongea juu ya kioo cha kompyuta, ile monita. Ninacho kimoja hapa Migato, cha mtumba, inchi 17. Nilikinunua Bariadi mjini baada ya baba kuuza pamba na kunimegea fungu langu la palizi na uvunaji. Sipiyu nilikuwa nayo, nilipewa na mjomba. Riwaya ninayo pia, imejaza kaunta buku mbili na inaanza kuila ya tatu. Kilichokosekana ni kioo. Dukani tulikijaribu dakika tano, picha safi kabisa. Nyumbani kikafanya kazi kama dakika arobaini, kisha giza. Taa ndogo ya mbele inawaka, feni ya kompyuta inavuma, lakini kioo cheusi tii.

Ninayoeleza sasa huenda yakamfaa mwenzangu mwenye shida kama hiyo, kwa hiyo anivumilie. Kwanza, badilisha waya wa picha, ule wenye pini kumi na tano. Pini moja ikipinda, rangi moja kati ya tatu hupotea na nyuso zote zinakuwa za manjano au zambarau. Wangu ulikuwa mzima. Pili, chomoa waya huo kwenye kompyuta huku kioo kimewashwa. Kikileta maandishi ya kulalamika kwamba hakipokei picha, yaelekea kioo ni kizima, kautafute ugonjwa kwenye waya au kompyuta. Changu hakikusema kitu. Tatu, na hii ndiyo iliyonishangaza, zima taa ya chumbani umulike kioo kwa tochi, kwa upande. Jamani, nikaziona herufi zangu! Sentensi niliyokuwa naiandika ilikuwa palepale, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Picha ilikuwepo, mwanga ndio haukuwepo. Kioo cha namna hii hakiwaki chenyewe. Nyuma yake zimo taa nyembamba kama mirija, na zikikosa umeme wa kutosha zinazima, nawe unadhani kila kitu kimekufa.

Fundi alipokifungua tukakuta kapasita mbili zimevimba vichwa kama makopo ya nyanya zilizochacha. Kapasita mbovu za aina hiyo ziliingia kwenye vifaa vingi sana vilivyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia nzima. Kimiminika chake cha ndani kilikuwa na dosari, zikawa zinavimba na kupasuka kabla ya umri wake. Joto nalo huzimaliza haraka. Sasa hiyo si dhambi ya mtu wa Bariadi. Ila fundi akanionyesha jambo jingine. Skrubu mbili za nyuma hazikuwepo, na penye kapasita ya tatu palikuwa na doa la risasi mpya ya kuchomelea. Kuna mtu alikwishakifungua kioo hiki kabla yangu. Aliujua ugonjwa. Akautibu kidogo, akafunga, kikaendelea na safari hadi mezani pale. Siwezi kuapa kwamba ni muuzaji wangu. Labda naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na ukimya ulikuwa unapokezanwa kama kijiti cha mbio.

Wengine watasema kila kitu kina kasoro. Kweli kabisa. Hata watengenezaji wakubwa wanakiri. Mwaka 2001 ulitoka msimamo wa kimataifa, ISO 13406-2, uliopanga vioo kwa madaraja kufuatana na idadi ya vidoti vilivyokufa. Kioo cha daraja la pili, ambalo makampuni mengi yalilitumia, kiliruhusiwa kwa kila vidoti milioni moja kuwa na viwili vinavyowaka daima, viwili vyeusi daima, na vitano vyenye hitilafu ya rangi. Hebu angalia jambo hilo vizuri. Kasoro iliruhusiwa, lakini iliandikwa. Mnunuzi aliyetaka kujua aliweza kujua, akachagua mwenyewe kama kidoti cheusi pembeni ni cha kumnyima usingizi. Kasoro iliyoandikwa ni sehemu ya bei. Ile iliyofichwa ni kitu kingine, hata kama kwa fundi zote mbili ni kapasita.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Akawaleta wanafalsafa wawili wakabishana, Diogenes wa Babeli na Antipater. Diogenes anasema kunyamaza si kuficha; nani alikulazimisha kununua? Antipater anajibu kwamba kumwacha mnunuzi atumbukie ni sawa na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, tena ni vibaya zaidi. Cicero akasimama na Antipater. Mimi vilevile, lakini nakiri Diogenes ana hoja pale wanapokutana wajuzi wawili. Fundi akinunua kwa fundi, kila mmoja na macho yake. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wa vitu rahisi ni sisi, tusio na macho hayo, na urahisi wenyewe ndio uliotupeleka pale. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi kwa Waingereza inasema ukikikagua kitu mwenyewe, usilalamikie kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Sawa. Lakini kasoro ya dakika ya arobaini haionekani katika jaribio la dakika tano, na anayejua hivyo anajua pia mteja wake amsimamishe dakika ngapi.

Halafu tazama nani hulipa. Juni 2016 TCRA ilizizima simu bandia nchi nzima. Sipingi. Ila usiku ule aliyebaki na simu iliyokufa mkononi alikuwa mama aliyeinunua, wakati wa kwanza kusema uongo alikwishakula faida yake zamani.

Sasa, kabla hatujawalaani wenye maduka, turudi huku kwetu shambani, kwani sisi nasi ni wauzaji. Mkulima wa Simiyu anaijua tofauti ya pamba safi na pamba fifi tangu utotoni. Tulifundishwa kuzichambua, hii huku na ile kule. Wazee wanasema enzi za ushirika, SHIRECU ikinunua, kuchanganya ilikuwa aibu. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994 wakaingia wanunuzi wengi wakigombea mzigo, na wengi hawakujali tena daraja. Safi na fifi bei moja! Basi kwa nini mtu ahangaike kuchambua? Wapo walionyunyizia maji, wapo waliotia mchanga, ili mzani useme zaidi. Nao wakiulizwa walikuwa na jibu: mzani wenyewe umechezewa, bei yenyewe ya wizi, mlitegemea nini? Maneno yaleyale, safari hii mdomoni mwa mkulima.

George Akerlof, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1970 juu ya magari ya mitumba jambo ambalo sisi tumelionja kwenye pamba: mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, atalipa bei ya kibaya, na mwenye kizuri atakiondoa sokoni. Kwa hiyo ukimya haumuumizi mnunuzi mmoja tu. Unamwadhibu pia muuzaji mkweli, maana ukweli wake haulipwi.

Naona nimefika mahali pagumu. Fundi alibadilisha zile kapasita na kioo changu kimepata nafuu. Kinakaa saa tatu, nne, siku nyingine kutwa nzima. Lakini si kila siku. Kuna kijana wa Lagangabilili, kamaliza kidato cha nne mwaka jana, anakitaka kwa elfu hamsini aanze kazi ya kuchapa barua na kurudufu. Baba anasema, "Mwanangu, kimeshatengenezwa, utamwambia nini? Ng'ombe aliyepona haelezwi homa yake mnadani." Baba si mtu mwongo, na hoja yake si ya kijinga. Ugonjwa uliotibiwa ni ugonjwa? Ningekuwa na hakika kwamba umetibiwa, labda ningekubaliana naye. Lakini mimi ndiye ninayejua kwamba juzi kilizima nikiwa katikati ya sura ya sita.

Kijana nimemwambia. Nimemwonyesha skrubu zisizokuwepo na namna ya kumulika kwa tochi. Akashuka hadi elfu thelathini na tano, kisha akasema atafikiri. Anakuja tena mwisho wa mwezi, na nimemtaka aje na nafasi ya kukaa kutwa, akiwashe mwenyewe asubuhi, tule naye mchana, tukitazame.