Nani Msemaji wa Mtoto?



Katika chai inadiwayo hapa Mombasa tangu mwaka 1969 imo ya Kericho na Bomet. Na njia hiyo iletayo chai pwani ndiyo iliyowapandisha bara vijana wetu wengi, kwa biashara na kwa kazi. Huko wakaoa, wakazaa. Ndoa zikivunjika, watoto hugombaniwa, na juu ya watoto hao twataka kusema.

Tuseme mtu wa pwani ameoa Litein, na mkewe ni Mkipsigis aliyesilimu. Waachana. Baba ataka mtoto ashuke Mombasa asome chuoni. Mama ataka abaki kwa wajomba zake, penye kishamba cha michai alichopewa mtoto na babu yake. Na amwekaye mtoto ndiye atakayepokea malipo ya majani na bonasi ya mwaka. Baba ana wakili, na mama ana wakili. Wa mtoto ni nani?

Watu hujibu upesi: babake ndiye walii wake. Hatukatai. Lakini katika kesi hii baba ni mdai, na mama, pamoja na huruma zake zote, naye ni mdai.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 282, ameamrisha kwamba asiyeweza kuandikisha deni lake mwenyewe kwa udhaifu, walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Lizingatieni neno hilo la mwisho. Uwalii haukuachwa peke yake, umefungwa na uadilifu. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamemkataza wasii kujiuzia mali ya yatima. Atatwambia msomi: baba na babu wameruhusiwa. Naam, kwa kuwa huruma yao imedhaniwa ni kamili. Na je, si huruma hiyo hiyo ndiyo inayobishaniwa mbele ya hakimu?

Amepokea Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipoletewa mama na baba wakimgombania mtoto wao, alimwambia mtoto achague mwenyewe, naye akaushika mkono wa mamake. Ndipo Imam Shafi akasema mtoto afikaye umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, ahiyarishwe. Basi wasemao kwamba kumsikiza mtoto ni mambo ya Wazungu hawakusoma. Kenya iliporidhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ambao katika kifungu cha 12 wataka mtoto asikizwe yeye mwenyewe au kwa mdomo wa mwakilishi wake, ilitukuta sisi tumekwisha kufundishwa.

Tuliyopoteza ni matendo. Siku hizi mtoto huulizwa mbele ya babake aliyemkazia macho, au amevaa nguo aliyonunuliwa na mama usiku wa jana. Huko ni kuhiyarishwa?

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimpa hakimu uwezo wa kuamuru mtoto asiye na wakili apewe wakili, na ile ya 2022 iliyoshika mahali pake imeubakisha uwezo huo. Lakini ni uwezo, si lazima. Asipotokea mtu wa kuomba, huenda kesi ikaisha mtoto hana mtu. Aombe mama, aombe baba mwenye kumcha Mungu, aombe afisa wa watoto. Na asiye na fedha asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imemtaja mtoto katika wanaostahili kusaidiwa.

Kwa Kadhi pana swali jingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, yataka wenye kesi wote wawe Waislamu na waikubali mahakama yake. Kwa niaba ya mtoto, nani akubali? Tungependa Kadhi aulize hilo kabla ya yote, maana katika fikihi yeye ndiye walii wa asiye na walii.

Na maimamu wa Kericho na Bomet, wasuluhishapo kabla ya kesi, huita wapatanishi wawili kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 35: mmoja wa jamaa za mume, mmoja wa jamaa za mke. Twawaomba wamkalishe na wa tatu kwa ajili ya mtoto, mathalan mwalimu wake wa chuoni, azungumze naye faraghani, wazee wakiwa mbali. Na mtu huyo asiwe amelipiwa nauli na upande wowote.