Mtambo wa Kura na Uaminifu wa Watu

Msomaji kijana, ukifika alfajiri katika ufuo wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, utaona mashua zikirudi kutoka ziwani na wanunuzi wakizingojea. Mbuta hutundikwa kwenye ndoana ya mizani, na mvuvi aliyekesha majini hasogei mbali. Husimama mahali awezapo kuuona mshale. Mizani ikielekezwa upande mwingine, husema, "Igeuze, nami nione." Mnunuzi mwema hakasiriki kwa neno hilo. Hakuitwa mwizi, ameombwa kuonyesha tu. Lakini mnunuzi ajibuye, "Niamini, mizani yangu ni mpya na ya bei kubwa," amejibu swali ambalo hakuulizwa. Mvuvi hakutaka kujua bei ya mizani. Alitaka kujua uzito wa samaki wake.

Kura ya raia hupimwa pia, na mizani yake siku hizi ni mtambo. Nataka tulitafakari pamoja swali moja: je, ni haki kumtaka mtu aamini kipimo asichoweza kukiona?

Yamkini utadhani kwamba udanganyifu wa kura ulizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, Wakenya walipiga kura kwa mlolongo. Kila mtu alijipanga nyuma ya mgombea wake, mchana kweupe, hata mtoto mdogo aliweza kuhesabu vichwa. Hata hivyo, palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa umeushinda mstari mrefu. Watu waliona kwa macho yao, lakini mstari ukiisha kuvunjika hapabaki kitu cha kuhesabiwa tena. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Desemba 2007 daftari lilikuwapo, kwa kuwa kura zilipigwa kwa karatasi. Lakini hesabu ilitiwa shaka katika safari yake kutoka vituoni mpaka Nairobi. Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji wa Afrika Kusini, ilitoa taarifa yake mwaka 2008. Ilisema kwamba uchaguzi ule uliharibika hata haikuwezekana kujua matokeo ya kweli, ikashauri pawe na mitambo ya kupeleka matokeo kwa usalama. Basi mtambo haukuletwa kama adui. Uliletwa kama dawa, kwa sababu mkono wa mtu ulikuwa umeshindwa.

Elewa vema kazi ya mtambo huo. Nchini Kenya mpiga kura hutia alama kwenye karatasi, na karatasi huhesabiwa kwa mikono kituoni mbele ya mawakala wa wagombea. Mtambo humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kisha hupeleka picha ya fomu 34A, ambayo ndiyo hati ya hesabu ya kituo. Kwa maneno mengine, mtambo ni tarishi. Na tarishi aweza kuwa mwepesi asiwe mwaminifu, au akawa mwaminifu lakini akakosea.

Machi 2013 alikosea. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi, na programu ya kuonyesha matokeo ikazidisha kura zilizoharibika mara nane. Tume ya uchaguzi ikalazimika kurudi kwenye fomu zenyewe na kuzijumlisha. Tazama jambo hilo kwa makini: mtambo ulipokosa, karatasi ndiyo iliyobaki ya kutegemewa.

Mwaka 2017 fundisho lilikuwa kubwa zaidi. Mshindi wa urais alitangazwa hali fomu za maelfu ya vituo zilikuwa bado hazijapokewa. Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, na agizo hilo halikutimizwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, waliubatilisha uchaguzi ule. Katika hukumu yao walikumbusha jambo ambalo wewe mwanafunzi walijua vizuri: katika somo la hesabu haitoshi kuandika jibu, hapana budi kuonyesha njia uliyoipita. Mwalimu humnyima alama mwanafunzi aliyeandika jibu tupu, ingawa huenda jibu lenyewe ni sahihi. Hamnyimi kwa chuki, bali kwa kuwa jibu lisilo na njia halitofautiani na jibu lililonakiliwa.

Nchi tajiri zilifikia fikira hiyo hiyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliikataa mitambo ya kupigia kura iliyotumika katika uchaguzi wa mwaka 2005. Haikusema kwamba kura ziliibwa. Ilisema kwamba raia wa kawaida, asiye na elimu ya ufundi, lazima aweze kuzikagua mwenyewe hatua kuu za uchaguzi. Ikiwa ni mafundi wachache tu wawezao kujua nani ameshinda, basi wengine wote wanaombwa imani, na imani ni ya ibada, si ya hesabu.

Mambo haya si ya vitabuni tu kwetu sisi wa ufuo huu. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na Tume ya Jaji Waki ilionyesha kwamba wengi wa waliokufa Kisumu walikufa kwa risasi. Agosti 2017 mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba ya wazazi wake hapa mjini, wakati polisi walipokuwa wakizima maandamano, akafa. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo chake aliona kwamba polisi walistahili lawama. Mtoto yule hakuwa na chama. Hakujua seva ni nini. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba uwazi wa hesabu ni jambo dogo la mafundi, mkumbushe gharama yake.

Aghalabu walioshindwa huambiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii ni ya kweli, lakini ina sharti lake. Siwezi kukubali kushindwa nisikokuona. Naweza tu kunyamazishwa, na kunyamaza si kukubali. Anayetaka wenzake wakubali kushindwa, kwanza awaonyeshe hesabu.

Na je, akiisha kuonyesha? Hapo ndipo zamu yetu ianzapo. Mwaka 2022 picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye intaneti, kila mtu aweze kuzisoma na kuzijumlisha. Waandishi wa habari walizijumlisha, na raia wengi pia. Hata hivyo makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, na mjini kwetu moto uliwashwa barabarani jioni ile ile ya tangazo. Septemba 5 majaji wote saba wa Mahakama ya Juu waliyathibitisha matokeo. Wangapi kati ya waliopiga kelele, na wangapi kati ya walioshangilia, walikuwa wamefungua hata fomu moja ya kituo chao wenyewe? Naogopa kwamba ni wachache.

Shaka si dhambi, msomaji wangu. Mvuvi wa Dunga ana haki ya kusema, "Igeuze, nami nione." Lakini mizani ikiisha kugeuzwa, yampasa atazame, na akiisha kutazama, yampasa akubali uzito aliouona, hata ukiwa pungufu ya tumaini lake. Anayedai kuonyeshwa kisha akafumba macho hakutafuta ukweli, alitafuta ugomvi. Na anayeficha mshale kisha akalaumu wenye shaka, huyo ndiye aliyeipanda shaka yenyewe.

Siku moja wewe nawe utapiga kura, au utakuwa karani wa kituo, au fundi wa mtambo wenyewe. Usingoje siku hiyo. Mtakapomchagua kiranja wa darasa, zihesabuni kura mbele ya wote, mandike jumla ukutani, na karatasi zihifadhiwe mpaka asiyeridhika azihesabu tena. Kisha aliyeshindwa ampe mwenzake mkono. Mtambo hauwezi kujifunza desturi hiyo kwa niaba yetu. Utapeleka upesi yale tuliyouandikia, yawe ya kweli au ya uongo. Na kuyaandika yaliyo ya kweli kutabaki kuwa kazi ya mtu.