Mgeni wa Kulipwa: Upelelezi wa Makampuni na Suala la Kuaminiana

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili tumezoea kumwonea fahari mpelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huchungulia mambo ya wenzake na kuyaficha anayoyajua, nasi tunamfuata kwa furaha ukurasa baada ya ukurasa. Hatumwiti mdaku. Makala haya yanauliza iwapo kibali hicho kinaweza kumfikia mpelelezi wa aina nyingine: yule anayekodiwa na kampuni ili ajifanye rafiki wa watu wanaoipinga. Swali ni la maadili, lakini tunadai kwamba mzizi wake umo katika jambo tunalolishughulikia kila siku, yaani uhusiano baina ya msimulizi na wale anaowasimulia.

Mfano wetu ni wa Uingereza. Tumeuchagua kwa kuwa baadhi ya wapelelezi wenyewe walisimama mahakamani wakaeleza kazi yao. Mnamo 1986 kikundi kidogo cha watetezi wa mazingira, London Greenpeace (kisichanganywe na lile shirika kubwa la kimataifa), kilitoa waraka ulioishutumu kampuni ya McDonald's kuhusu misitu, wanyama, mishahara na matangazo yanayowalenga watoto. Kuanzia 1989 kampuni hiyo ilikodi mashirika mawili ya upelelezi, nayo yakawapenyeza watu wao katika mikutano ya kikundi. Walihudhuria, walijibu barua, waligawa waraka uleule walioletwa kuuchunguza. Mmoja wao alikuwa na uhusiano wa mapenzi na mwanakikundi kwa miezi kadhaa. Na kwa kuwa mashirika hayo mawili hayakujulishana, jasusi wa huku alimwandika jasusi wa kule kana kwamba ni mwanaharakati wa kweli. Ni kinaya ambacho mtunzi wa tashtiti angeogopa kukibuni, asije akaambiwa amepita kiasi.

Mnamo 1990 watu watano walishtakiwa kwa kukashifu. Watatu waliomba radhi; Helen Steel na Dave Morris walikataa, ingawa sheria haikuwapa msaada wa wakili. Kesi ilisikilizwa kwa siku 313, na hukumu ikatolewa mwezi wa Juni 1997. Jaji aliona kwamba sehemu ya waraka ilikuwa kashfa, lakini pia kwamba ni kweli kampuni iliwatumia watoto vibaya kupitia matangazo, ilihusika na ukatili kwa baadhi ya wanyama, na ililipa mishahara duni. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba wawili hao hawakutendewa haki katika kesi hiyo.

Kuna pingamizi moja ambalo hatuna budi kulikabili. Mikutano ile ilikuwa wazi, na mgeni hakufukuzwa. Ikiwa hapakuwa na siri, kiliibwa nini? Pingamizi hili lina nguvu kuliko watetezi wengi wa faragha wanavyokubali, na hoja ya faragha pekee, kwa maoni yetu, hailijibu. Jibu tulitafute penginepo. Mlango ulio wazi nao una masharti yake, japo hayakuandikwa popote. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimtarajia mgeni aje na nafsi yake. Kikundi cha watu wachache huishi kwa wageni. Kila anayeingia ni tumaini. Ikishajulikana kwamba mgeni wa jana alilipwa, mgeni wa leo, hata awe mkweli namna gani, hupokewa kwa macho ya pembeni. Kilichoibwa basi ni uwezo wa kukaribisha. Na hasara hiyo hurudi nyuma pia. Msomaji wa riwaya akigundua mwishoni kwamba msimulizi alimdanganya, huanza upya kusoma kwa ladha. Aliyependwa kwa malipo hulazimika vilevile kuisoma upya miezi yake, ila yeye hana kitabu cha kukifunga.

Hapo ndipo Bwana Msa anapoachana na jasusi wa kampuni. Yeye hufika baada ya maafa kutokea, na anachokifumbua hatimaye huwekwa hadharani. Jasusi wa kampuni hufika kabla ya kosa lolote, na ripoti yake ina msomaji mmoja tu, ambaye ndiye mnunuzi. Wahusika hawaisomi wala hawaijibu.

Msomaji aliyeketi katika kumbi za mihadhara za nchi hii katika miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa jinsi mtu wa kiti cha nyuma alivyomfanya mhadhiri apime maneno. Yule alikuwa wa serikali, na serikali angalau inaweza kudaiwa maelezo siku moja. Kampuni huwajibika kwa mteja wake. Hata hivyo mpaka huu si imara kama tungependa: mwaka 2013 ilifichuliwa kwamba afisa wa polisi aliyeishi ndani ya kikundi kile kwa jina la kubuni alishiriki kuuandika waraka wenyewe. Sisi tunaobishana vyuoni kuhusu mwandishi ni nani tungefaa kutua hapo kidogo.

Washtakiwa walidai kwamba, kwa kuwa majasusi waliugawa waraka, kampuni yenyewe ilikubali usambazwe. Jaji alilikataa dai hilo. Kisheria huenda alikuwa sahihi. Kimaadili linatusumbua bado, kwa sababu anayeigiza urafiki hana njia ila kuutenda. Mmoja wa majasusi hao, mwanamke, alikuja kutoa ushahidi upande wa washtakiwa. Alisema hakuupenda udanganyifu ule, wala hakuona ubaya katika shughuli za kikundi. Je, kujuta kwake kunampunguzia lawama? Tunasita. Kunaonyesha, walau, kwamba alijua wakati ule alichokuwa akikitenda.

Kwa kukosa wakili, Steel na Morris waliwahoji majasusi wenyewe, ana kwa ana, mbele ya jaji. Wahusika walipata nafasi ya kumuuliza msimulizi maswali. Ripoti nyingi za aina hii hazifiki mahakama yoyote, na wengi walioandikwa humo hawajui kwamba waliandikwa.