Mtume alisimama njiani

Anas (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba mwanamke mwenye tatizo la akili alimwambia Mtume (s.a.w.) ana haja naye. Akaambiwa achague njia aitakayo, na Mtume akasimama naye kando mpaka akamaliza. Sisi je? Mgonjwa tunamcheka mlangoni mwa msikiti. Akirusha jiwe tunampiga, halafu anafungwa minyororo nyumbani, eti ni majini. Na kalamu imeinuliwa kwake, si kwetu tuliompiga! Ruqya isomwe, sikatai. Lakini akitishia watu, panga lifichwe, aongeleshwe kwa upole, apelekwe Butabika, na baada ya Ijumaa twende kumtazama kama tunavyomtazama mwenye malaria.