Kivuli cha Yona

Nabii Yona alikuwa mjenzi wa kibanda. Sura ya nne ya kitabu chake inasimulia kwamba alitoka nje ya Ninawi, akajitengenezea kibanda upande wa mashariki, akakaa kivulini akingoja kuona mji utapatwa na nini. Mungu hakukibomoa. Alimwongezea mtango uliopanda juu yake, na Yona akafurahi sana. Napenda tuanzie kwenye furaha hiyo, maana kivuli ni zawadi, na anayejikinga jua na mvua hamkosei Mungu.

Hapa Giheta, nchini Burundi, sababu ya kuzijengea nyanya na kabichi vibanda inajulikana. Mvua za Septemba kuendelea huja na ubaridi wa vilima vyetu, na majani ya nyanya yakikesha na maji, ukungu wa bakajani hushika. Baada ya siku chache shamba ni jeusi kama lililopitiwa na moto. Paa la nailoni juu ya nguzo za mkaratusi, pande zikiachwa wazi ili hewa ipite, linafanya kazi moja: jani libaki kavu. Hata mvua ya mawe hukutana na kinga. Ukifika Juni hadi Agosti, adui anakuwa jua, na Giheta kama Muyinga miche michanga huokolewa na kichanja cha nyasi, ambacho bibi zetu walikijua kabla nailoni haijafika. Kwa familia ambayo shamba lake halifiki nusu hekta, kitalu kimoja kilichopona ni riziki.

Lakini kinga inadai mwangalizi. Kule Benin watafiti walijaribu kufunika kabichi kwa nyavu za aina ya chandarua, kwa sababu nondo anayetaga mayai ya viwavi huruka usiku. Jioni walifunika, mchana wakafunua ili mimea isisongwe na joto. Viwavi walipungua sana. Vidukari, kwa udogo wao, nyavu pekee hazikuwazuia. Mimi naona hekima kubwa katika kazi hiyo ya kila asubuhi na kila jioni. Mungu alipomweka mwanadamu bustanini alimpa kulima na kutunza, na huku kutunza ndiko kunakotuchosha upesi, kwa kuwa hakuna siku ya kusema kumekwisha.

Na hapa niseme jambo ambalo wanaume tunalipita haraka. Paa linalozuia mvua linaziba pia maji ya kunywesha mimea. Kila tuta lililo chini ya nailoni hungoja mtu ashuke bondeni na kupanda tena na ndoo, na mtu huyo kwa kawaida ni mama au msichana aliyekwisha kubeba maji ya kupikia. Baba anayejenga kibanda na achimbe pia shimo la kukinga maji yanayotiririka kutoka paa hilohilo, au abebe ndoo mwenyewe. Hiyo ni haki ya nyumbani, nayo ni sehemu ya sala yetu.

Turudi kwa Yona. Kesho yake alfajiri buu aliuguguna mtango, ukanyauka, na nabii akakasirika hata kuomba kufa. Ndipo Mungu alipomuuliza: wewe unauhurumia mmea ambao hukuutolea jasho, je, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto? Wengi husikia katika maneno hayo watoto wadogo. Yona aliupenda mtango kuliko watoto wa mji.

Na watoto wetu je? Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwetu mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Ilikuwa zaidi ya nusu, na watoto kama hao wanaishi kwenye vilima hivihivi vinavyopeleka mboga sokoni Gitega. Nyanya ya msimu wa mvua ina bei nzuri, na pesa yake hununua madaftari na dawa, simlaumu anayeuza. Kinachoniuma ni kibanda kinachouzwa chote, kuanzia tunda la kwanza hadi la mwisho, huku mtoto wa mwenye kibanda akila ugali wa muhogo na maharage bila jani lolote la kijani, jioni baada ya jioni.

Kwa hiyo juma hili naomba kila jumuiya ndogo ya Kikristo isome sura hiyo ya nne, ambayo inaishia kwenye swali la Mungu bila jibu la Yona. Kisha wenye vibanda waseme mbele ya wenzao ni tuta lipi, la lengalenga au karoti, halitauzwa. Na jumuiya itaje kwa upole nyumba ya jirani yenye mtoto mdogo na isiyo na kibanda, ili sehemu ya tuta hilo ifike huko kabla ya Jumapili.