Mkanda wa Marehemu

Kamera ya filamu ya milimita 35 yenye kioo ndani ina jambo ambalo wengi wanaoitumia hawajalitia maanani: mpiga picha haioni picha anayoipiga. Nuru huingia kwenye lenzi, hugonga kioo kilicholazwa nyuzi 45, hupanda kwenye prizimu iliyo juu, kisha humfikia jichoni. Akibonyeza kitufe, kioo kinaruka, dirisha linakuwa giza, pazia linafunguka na nuru inaipata filamu. Anapoanza kuona tena, tukio limeshapita. Katika Kine Exakta, iliyotoka Dresden mwaka 1936, giza lilibaki hivyo hivyo mpaka mtu avute filamu kwa picha ya pili. Kioo kinachorudi chenyewe kilikuja kuenea baada ya Asahiflex IIb ya Japani, mwaka 1954, lakini hata hicho hakikumpa mpiga picha ile sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hiyo hajaiona mtu yeyote kwa dirisha la kamera ya namna hii.

Basi picha ni kazi ya nani?

Swali hili lina historia katika dini yetu. Kuna hadithi zinazowaonya vikali waundao sura za viumbe, na kamera ilipoenea, wanavyuoni walilazimika kuamua kama nayo imo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala akaihalalisha: kamera haiumbi, inakizuia kivuli tu cha kile alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Wapo wasiomkubali hadi leo, nao wana hoja zao. Mimi namkubali, na kamera hizi kongwe zimenizidishia yakini. Mtu asiyeona wakati kitu kinatendeka atadai vipi kwamba amekiumba?

Ila sitaki hoja hiyo iwe kichaka cha kujifichia. Kabla ya giza lile kuna mtu aliyechagua. Amechagua filamu, amepima nuru, amezungusha lenzi mpaka uso ukakaa sawa, amesimama hapa na si pale, na amemwelekea fulani ambaye pengine hakuulizwa. Nia ni yake yote, na ataulizwa juu yake. Kivuli chenyewe ndicho kisicho chake: amekishika kwa niaba ya aliyepigwa.

Nakusanya kamera hizi hapa Unguja, na hewa yetu si rafiki wa lenzi. Msimu wa masika kuvu huota baina ya vioo, zikatambaa kama nyuzi za buibui, na zikishakula ule utando wa juu ya kioo hakuna fundi wa kuurudisha. Zangu naziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nilizonazo nyingi ni Praktica, na sababu iko wazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilitusaidia kujenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani, na vijana wetu wakaenda kusoma kule. Praktica zilitengenezwa kule kule Dresden. Waliorudi nazo wamezeeka nazo, na sasa wanatutoka mmoja mmoja.

Hapo ndipo suala linaponigusa. Praktica LTL moja niliuziwa na vijana wa marehemu aliyekuwa fundi wa umeme. Nilipozungusha kile kifundo cha kurudishia filamu, kilikaza. Kihesabio kilikuwa kimesimama kwenye 23. Mlikuwa na mkanda.

Mkanda uliokwisha kupigwa lakini haujasafishwa ni kitu cha ajabu. Kila chembe iliyopata nuru imeshabadilika, kwa atomu chache tu za fedha, kiasi ambacho hakuna jicho litakaloona. Picha imo, kamili, na haionekani. Dawa ya kusafishia haiongezi sura wala haipunguzi. Inakuza tu alama iliyokwisha kuwekwa, hadi mara bilioni moja. Wanaosema kisichoonekana hakipo wangefaa kukaa na mkanda kama huo mkononi usiku mmoja.

Nilikwenda kwa mjane. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, kamera ya marehemu ina picha ambazo hazijasafishwa. Nifanyeje?"

Akanyamaza kidogo. "Zisafishe, mwanangu," akasema, "lakini nizione mimi mwanzo. Humo mna watoto wa watu."

Nilizisafisha, nikazikausha, nikazikata bila kuziinua kwenye taa, nikampelekea. Nyingine alizihifadhi, nyingine alizichoma palepale kwenye jiko la makaa. Sikuuliza sababu.

Wapo marafiki zangu wakusanyaji waliosikitika. Walisema historia ya Zanzibar imeungua jikoni, na wakanitolea mfano wa Vivian Maier, yule yaya wa Chicago ambaye masanduku yake yalinadiwa mwaka 2007 kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa. Alifariki mwaka 2009, kabla jina lake halijajulikana, akiacha mikanda mingi ambayo hakuisafisha. Wageni ndio walioisafisha, na leo picha zake zinatundikwa katika majumba ya maonyesho. Picha zake nazipenda, nimezitazama kwa makini na zimenifundisha. Lakini bado sijasikia hoja ya kunishawishi kwamba mwanamke aliyeficha kazi yake maisha yake yote alikuwa akitungojea sisi tuifichue.

Kwa sheria yetu kamera ni mirathi. Hugawanywa au huuzwa, na kila mrithi akachukua fungu lake. Mkanda uliomo ndani siuhesabu humo, kwa sababu waliomo ndani yake hawajafa wote, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mali ya marehemu. Hiyo ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe hata kama aliyeishika amekwisha kuzikwa. Naona Bi Mkubwa yule alilijua hilo bila ya kusoma risala yoyote.

Kwa hiyo, ewe uliyeachiwa kamera ya mzee wako, usiufungue mgongo wake kwa pupa. Nuru ya mara moja inaweza kuunguza picha zilizomo. Zungusha taratibu kifundo cha juu upande wa kushoto, kule inakoelekea mishale. Kikizunguka bure, haina kitu, uza ukitaka. Kikikaza, bonyeza kile kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, rudisha filamu yote ndani ya kopo lake mpaka kifundo kiwe chepesi, uitoe, kisha umtafute aliye hai miongoni mwa waliomo kabla hujamtafuta mnunuzi.