Je, Boliti Inaweza Kukukosea?



Dereva mmoja wa bodaboda aliniuliza swali baada ya kikao cha VIWAWA hapa parokiani, upande wa Mbagala: "Frateri, hivi kuitukana pikipiki ni dhambi?" Wenzake walicheka sana. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshinda siku nzima chini ya mwembe akihangaika na boliti moja, na mikono yake ilikuwa bado ina oili. Nilimjibu kwa kifupi pale pale, lakini swali lake linastahili jibu refu kidogo. Naamini wengi wetu tunalo swali hilo, hata kama kwako si pikipiki bali ni cherehani, pampu ya maji au kompyuta.

Tuanze na hali halisi. Kijana wa Mbagala, Chamazi au Bunju hatengenezi pikipiki mwenyewe kwa sababu ni burudani. Anatengeneza kwa sababu hela ya fundi haipo, au ipo lakini ni ya kula. Wengi wanaendesha pikipiki za mkataba: kila jioni hesabu ya bosi lazima ifike, mpaka mkataba uishe ndipo pikipiki iwe yako. Siku pikipiki inapolala, hesabu hailali. Kwa hiyo unaazima spana kijiweni, unafungua video kwenye simu, unaanza kazi.

Na hapo ndipo mambo yanapoanza. Video inaonyesha pikipiki ya toleo jingine. Spana namba 12 uliyoazima imetanuka mdomo, inateleza na kula kichwa cha boliti. Huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, barabara za ndani ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, kwa hiyo boliti imeshika kutu mpaka imekuwa kitu kimoja na chuma chake. Ukifanikiwa kuifungua, unakuta spea unayotaka haipo mtaani. Unapanda daladala hadi Kariakoo, unarudi, unajaribu, haiingii: ni saizi tofauti. Giza linaingia. Unafunga kila kitu, unapiga kiki, kimya. Na pale chini kwenye gunia imebaki nati moja ambayo hujui ilitoka wapi.

Aliyepitia hapo anajua kinachopanda kifuani. Si uchovu tu. Ni hasira, tena hasira ya ajabu, kama vile kile chuma kinakufanyia makusudi.

Hebu tulishike hilo neno "makusudi". Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ufundi wa kuhutubia watu, anaeleza hasira kuwa ni hamu ya kulipiza, yenye uchungu ndani yake, inayotokana na kuona kwamba umedharauliwa. Yaani hasira inamtaka mtu: kuna mmoja amenishusha, nami nataka arudishe heshima yangu. Sasa boliti haiwezi kumdharau mtu. Haina akili, haina nia, haijui kama wewe upo. Mbona basi tunaikasirikia?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona swali hili katika karne ya 13. Katika Summa Theologiae, anapozungumzia hasira, anataja mwandishi anayetupa kalamu yake kwa hasira na mpanda farasi anayempiga farasi wake. Hakuiona bodaboda, lakini angetuelewa kabisa. Jibu lake ni kwamba hasira huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza haingoji akili: umeumia, picha ya kuumizwa inaruka kichwani, na nafsi inainuka. Hasira ya namna hiyo inaweza kuelekea hata kitu kisicho na akili. Njia ya pili hupitia kwenye akili, ambayo inapima na kusema: hapa nimetendewa isivyo haki. Hasira hiyo haiwezi kuielekea boliti, kwa sababu haki na dhuluma ni mambo ya watu kwa watu.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu ni nyepesi. Ule mshtuko wa kwanza, damu kuchemka spana inapoteleza na kukuchuna vidole, si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inatufundisha kwamba mihemko ya moyo, yenyewe kama ilivyo, si mema wala maovu. Inaanza kuhesabiwa kuwa njema au mbaya pale akili na utashi vinapoingia. Swali basi si "kwa nini nimehisi hasira?" bali "nimeipeleka wapi?"

Na hapa jambo linakuwa zito kidogo, maana hasira dhidi ya kitu mara nyingi haikai kwenye kitu. Angalia ni nani yupo karibu wakati pikipiki inatengenezwa. Mara nyingi ni mdogo wako, ameshika simu akimulika tochi. Nimeona hivi mtaani kwetu zaidi ya mara moja. Boliti inagoma, na sauti inapanda: "Wewe! Mulika vizuri! Unamulika wapi?" Mtoto alikuwa anamulika vizuri tu. Lakini boliti haiumii ukiipiga, haiombi msamaha, haioni aibu. Hasira inataka mtu, na mtu wa karibu ni mtoto wa darasa la nne. Baada ya dakika kumi anapelekewa tusi ambalo lilikuwa la chuma.

Katika Kitabu cha Hesabu (siyo hesabu ya bosi, ile ya kwenye Biblia), sura ya 20, Musa alikuwa amechoshwa na manung'uniko ya watu. Mungu alimwambia auambie mwamba utoe maji. Yeye kwa hasira aliyokuwa nayo juu ya watu akaupiga mwamba kwa fimbo mara mbili. Alikasirikia watu, akapiga jiwe. Sisi tunafanya kinyume chake: tunakasirikia chuma, tunampiga mtu. Kote kuwili hasira ni kama mzigo uliopelekwa kwenye anwani isiyo yake.

Sasa, je, kuna anwani sahihi? Naona zipo mbili za kukagua.

Ya kwanza ni kitu chenyewe, lakini si kwa hasira bali kwa ukweli. Katika falsafa tulifundishwa na huyu huyu Mt. Thoma kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu kilivyo. Hakuna mahali utalielewa hilo vizuri kama kwenye injini iliyogoma. Injini ya petroli inataka mambo matatu: mchanganyiko wa mafuta na hewa, cheche ya moto, na mgandamizo ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana haiwaki, hata ungekuwa askofu. Kwa hiyo unakwenda kwa utaratibu. Mafuta yapo? Koki imefunguliwa? Plagi inatoa cheche? Ikiwa cheche ipo na plagi ni kavu, huenda mafuta hayafiki, basi angalia kabureta, labda kimeziba kitundu kidogo kwa uchafu. Hasira inaruka hatua. Inanunua plagi mpya kabla ya kuangalia tangi.

Na ile boliti ya kutu? Fundi mzoefu haishambulii. Anaisafisha, anaidondoshea mafuta, anaiacha ikae. Anatafuta spana ya ringi inayoshika pande zote. Anaikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ili kutu iachie. Kule kusubiri si kupoteza muda. Ni sehemu ya ufundi. Anajua kwamba boliti ni chuma kigumu na bodi ya injini ni alumini laini, na ukilazimisha, kinacholika ni nyuzi za ndani ya injini. Boliti ni bei ndogo. Kutengeneza tundu lake upya ni bei nyingine kabisa. Mt. Thoma anasema kazi ya subira ni kuulinda wema wa akili usiangushwe na huzuni. Sio kunyamaza tu na kuvumilia. Ni kubaki na akili yako wakati kuna kila sababu ya kuipoteza.

Mnamkumbuka pia Balaamu, katika kitabu kile kile, sura ya 22? Alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu amegoma kwenda. Kumbe punda alikuwa ameona malaika mwenye upanga njiani, na bwana wake hajaona kitu. Sisemi kwamba pikipiki yako imemwona malaika. Lakini breki inayopiga kelele na cheni inayoruka zinajua jambo ambalo wewe hujalijua bado. Kinachogoma mara nyingi kinasema ukweli, na ukweli huo unaweza kuokoa maisha ya abiria wako kwenye barabara ya Kilwa.

Anwani ya pili ndiyo ngumu zaidi. Mara nyingine kweli kuna mtu aliyekukosea, ila si yule anayemulika tochi. Kama mtu amekuuzia spea feki kwa bei ya orijino akijua ni feki, huyo amekudhulumu. Ni suala la amri ya saba. Hapo hasira iliyopita kwenye akili ina mahali pake halali: dai risiti, rudisha spea, na ikibidi peleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia. Kudai haki kwa utulivu ni Ukristo pia.

Na kuna ile hesabu. Nilipomuuliza yule kijana wa VIWAWA ni nini hasa kilimuuma siku ile, hakutaja boliti. Alisema, "Frateri, nilikuwa nawaza saa mbili usiku bosi atapiga simu." Hapo ndipo palipokuwa na mzizi. Bosi haambiliki, akikasirika anachukua pikipiki yake, na miezi yote uliyolipa inabaki hewani. Boliti haina uwezo huo, kwa hiyo boliti ndiyo inayotukanwa. Tunakikasirikia kitu tusichokiogopa badala ya mtu tunayemwogopa.

Sisemi ukamtukane bosi. Nasema ujue ni nani unayezungumza naye moyoni. Kabla hujasaini mkataba, uliza: pikipiki ikiharibika, hesabu ya siku hiyo inakuwaje? Spea kubwa ni za nani? Yaandikwe. Na kama wewe unayesoma hapa ndiye mwenye pikipiki (najua mpo, wengine ni wanakwaya wazuri kabisa), tafadhali kumbuka kwamba Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya, na kwamba mtu anatangulia mbele ya mtaji. Siku ambayo pikipiki yako imelala, kuna kijana wako chini ya mwembe. Simu yako ya saa mbili usiku inaweza kuanza na "pole, umefikia wapi?" kabla ya kuuliza hela. Hilo halikupunguzii chochote, na huenda mtoto mmoja akaepuka tusi.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule ndugu ni hili. Boliti haiwezi kukukosea, kwa hiyo huwezi kuikosea yenyewe. Ila tusi lina masikio yanayolisikia, na mkono uliozoea kupiga chuma haubagui sana. Hasira ikija, usijifanye haipo. Weka spana chini, futa mikono, kunywa maji, na ujiulize maswali mawili: kitu hiki kinaniambia ukweli gani? Na ni nani hasa ninayemwogopa au anayenidhulumu? La kwanza litakurudisha kwenye kazi. La pili lipeleke kwenye sala, kisha kwa mhusika, mchana, ukiwa umetulia.

Na yule anayekumulikia tochi, mwambie asante. Mfundishe pia jina la kila spana, maana siku moja naye atakuwa chini ya mwembe na boliti yake, na atakachokumbuka ni sauti yako ilivyokuwa.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.